Kinga Inayobahatisha

Mtoto akichomwa na mwiba mguuni na kidonda kikaanza kutunga usaha, siku chache baadaye atalalamika kinena. Mama akipapasa anakuta uvimbe mgumu unaouma ukibonyezwa. Ni mtoki. Wengi huamini uchafu wa kidonda umepanda juu, na hawajakosea sana: vipande vya bakteria vimefika huko kweli, vimebebwa na seli zinazolinda chini ya ngozi. Lakini kinachovimba hasa si uchafu. Ni seli za mtoto mwenyewe, zinagawanyika kwa kasi ndani ya tezi ya limfu.

Seli hizo ni limfositi. Kila moja ina vipokezi vya umbo moja tu, na itanasa kile tu kinachooana na umbo hilo. Zinazoweza kumnasa bakteria huyu wa mwiba ni chache mno kati ya zote zilizomo mwilini. Kwa hiyo hata moja ikimpata, peke yake haina la kufanya. Lazima igawanyike, ziwe mbili, nne, hatimaye maelfu, na shughuli hiyo huchukua siku kadhaa. Mtoto anachechemea, kinga yake inazaana.

Swali lililowatesa wanasayansi ni maumbo hayo yanatoka wapi. Mwaka 1940 Linus Pauling, mkemia maarufu wa Marekani, alipendekeza kwamba mvamizi mwenyewe ndiye kalibu: kingamwili, yaani vipokezi vinavyomwagwa kwenye damu, hujikunja kumfuata na hivyo kupata umbo linalomshika. Lilikuwa wazo zuri, rahisi, na si la kweli. (Pauling huyohuyo baadaye alieneza imani kwamba vitamini C kwa wingi huzuia mafua. Wauza juisi za “kuongeza kinga” pale stendi wana babu mwenye tuzo mbili za Nobel.) Mwaka 1957 Frank Macfarlane Burnet wa Melbourne alikuja na wazo la kinyume. Maumbo yapo kabla ya mvamizi. Mwili huyatengeneza kwa kubahatisha, mvamizi akija anachagua tu, na seli iliyochaguliwa ndiyo inayozaana. Alilichapisha katika jarida la Australia lenye wasomaji wachache nje ya nchi hiyo, kwa hesabu, inavyosimuliwa, kwamba likiwa sahihi atakuwa wa kwanza, na likiwa upuuzi wachache wataliona.

Mambo yanakwenda kama kwenye mitumba. Shati lililo kwenye lundo lilishonwa na mtu asiyekujua, bila kukupima. Lakini lundo likiwa kubwa, ukichambua hukosi linalokukaa, japo si sawasawa, kisha unalipeleka kwa fundi cherehani akalibane kiunoni. Mwili nao una fundi huyo. Ndani ya ile tezi ya kinena, seli B zilizochaguliwa, yaani limfositi zinazotengeneza kingamwili, hubadilisha jeni za vipokezi vyao kwa kasi ya takriban mara milioni ya mabadiliko ya kawaida ya jeni. Nyingi huharibika na kufa. Chache hukaza mshiko. Ndiyo maana kingamwili za wiki ya tatu hushika vizuri kuliko za wiki ya kwanza.

Ukubwa wa lundo lenyewe ulielezwa na Susumu Tonegawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Basel, Uswisi. Mwaka 1976 alionyesha kwamba seli B hukata vipande vya jeni zake na kuviunganisha upya, kila seli kwa mpangilio wake, hivyo vipande vichache huzaa mamilioni ya maumbo. Alipewa Nobel mwaka 1987.

Anayebahatisha hivyo lazima pia atengeneze vipokezi vinavyoushika mwili wake mwenyewe. Seli T, limfositi za kundi jingine, hukaguliwa katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, na zaidi ya tisa katika kila kumi hufia humo. Zinazoponyoka ukaguzi zinaweza siku moja kuligeukia kongosho na kuleta kisukari cha utotoni. Kinga iliyoongezeka si lazima iwe habari njema, jambo ambalo lebo za chupa za stendi hazilisemi.

Malaria ndiyo inayoonyesha mipaka ya utaratibu huu. Seli T huwatambua wavamizi waliojificha kwa sababu karibu kila seli ya mwili huning’iniza nje vipande vya protini zilizomo ndani yake. Seli T ikiona kipande kigeni, huiua seli hiyo. Chembe nyekundu ya damu haina kiini wala haitundiki chochote. Kimelea cha malaria kimeweka makazi humo humo.

Kina ujanja mwingine. Chembe kilichoiteka ingechujwa na bandama, kwa hiyo hutokeza nje protini inayoinatisha kwenye kuta za mishipa ya damu. Kingamwili zinaweza kuishika protini hiyo, ila kimelea hiki, Plasmodium falciparum, kina jeni takriban 60 za kuitengeneza, kila moja kwa sura yake, na hutumia moja baada ya nyingine. Mtoto akishatengeneza kingamwili za sura ya kwanza, vipo vimelea vingine vyenye sura ya pili. Kinga yake hukusanywa homa kwa homa, kwa miaka.

Kwamba hukusanywa kweli ilithibitishwa Gambia mwaka 1961. Sydney Cohen, Ian McGregor na wenzao walichuja kingamwili kutoka damu ya watu wazima wa huko na kuwapa watoto wenye malaria. Vimelea vikapungua. Baadaye walijaribu kingamwili za Afrika Magharibi kwa watoto wa Afrika Mashariki, nazo zikafanya kazi. Vimelea vya pande mbili za bara vina mambo ya kutosha yanayofanana.

Kinga hii lakini haidumu bila mazoezi. Kijana wa Muheza anayekwenda kusoma Ulaya miaka kadhaa anaweza kurudi likizo na kulazwa kwa ugonjwa ambao nyumbani ulikuwa umeacha kumshughulisha. Majirani watasema Ulaya imemlegeza. Kwa mara hii majirani wako karibu na ukweli.

Mzazi wa Kilifi au Korogwe naye huuliza kwa nini mtoto aliyechanjwa bado aliugua. Chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa katika maeneo hayo miongoni mwa mengine na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, hulenga kimelea tangu mbu anapokitema hadi kinapoingia ini, safari isiyozidi saa chache. Seli za kumbukumbu huhitaji siku kadhaa kuamka na kuzaana, kwa hiyo hapo hazifai kitu; kingamwili lazima ziwe tayari kwenye damu, tena nyingi. Kimelea kimoja kikipenya, baada ya wiki moja hivi ini litamwaga vimelea maelfu kwa maelfu kwenye damu, vyenye sura ambayo kingamwili za chanjo haziijui. Katika majaribio, dozi nne zilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika miaka takriban minne kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17. Dozi ya nne, ile ambayo wazazi wengi huiona ya ziada, ipo ili kujaza tena kingamwili zinazoshuka mwezi hadi mwezi.