Fahamu: Losheni ya jua kwa mwenye ualbino

Kwa mtu mwenye ualbino, losheni ya kukinga jua ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, si kipodozi. Ndiyo maana mjini Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun, mahususi kwa watu wenye ualbino.

Ukinunua dukani, tazama herufi SPF, kipimo cha kinga ya jua, kwenye chupa. SPF 30 huzuia takribani asilimia 97 ya mionzi inayounguza ngozi. SPF 50 huzuia asilimia 98, tofauti ndogo. Hakikisha pia imeandikwa kwamba inazuia UVA, mionzi inayopenya ndani zaidi, na kwamba muda wake haujapita.

Kosa kubwa ni kupaka kidogo. Uso na shingo peke yake huhitaji kama nusu kijiko cha chai. Masikio, midomo, kisogo na migongo ya mikono husahaulika, na huko ndiko vidonda hupenda kuanzia. Paka dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili, na mara tu baada ya kutoka jasho jingi. Paka hata siku ya mawingu, kwani mawingu hayazuii mionzi yote.

Losheni haitoshi peke yake: vaa kofia pana na nguo za mikono mirefu. Mtoto wa chini ya miezi sita mfunike na mweke kivulini.

Walimu, mruhusuni mwanafunzi mwenye ualbino avae kofia na akae kivulini wakati wa paredi. Na kidonda kisichopona ndani ya mwezi kipelekwe hospitali mapema.