Franco Baresi: Yatima Aliyeambiwa Ni Mdogo

Katika nyumba nyingi zenye vijana wapenda kandanda, majina yanayotajwa sana ni ya wafungaji mabao. Mlinzi hukumbukwa siku aliyokosea. Ndiyo maana juma hili tumependa kuwasimulia wasomaji wetu, wazazi kwa watoto, habari za beki mmoja wa Italia aliyekwisha kustaafu, ambaye maisha yake yana mengi ya kuzungumzwa nyumbani.

Franco Baresi alizaliwa tarehe 8 Mei 1960 huko Travagliato, mji mdogo ulio karibu na Brescia, kaskazini mwa Italia. Alifiwa na mama yake angali mtoto, na kabla hajaufikia utu uzima, baba naye akafariki. Kaka yake, Giuseppe, alikuwa amekwisha kupokewa na klabu ya Inter ya jijini Milan. Franco alipokwenda huko kujaribiwa, walimwona ana umbo dogo, wakamkataa. Akaenda kwa mahasimu wa klabu hiyo, AC Milan, na baada ya kujaribiwa zaidi ya mara moja, akakubaliwa. Tangu hapo ndugu wawili wa tumbo moja wakawa wanakutana uwanjani, kila mmoja na jezi yake.

Mwezi wa Aprili 1978, akiwa na umri wa miaka 17, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, dhidi ya Verona. Mwaka uliofuata Milan ikatwaa ubingwa. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1980 klabu ilishushwa daraja kwa kashfa ya kamari na kupanga matokeo. Ikapanda, na mwaka 1982 ikashuka tena, safari hii kwa udhaifu wa uwanjani. Kiangazi hicho hicho Baresi alikuwamo katika kikosi cha Italia kilichotwaa Kombe la Dunia nchini Hispania, ingawa hakuchezeshwa hata dakika moja. Kijana wa miaka 22 mwenye medali kama hiyo asingekosa pa kwenda. Yeye alirudi kucheza daraja la pili, akakabidhiwa unahodha.

Matunda ya subira hiyo yalionekana baada ya kocha Arrigo Sacchi kuwasili mwaka 1987. Baresi hakuwa mrefu, kwani kimo chake kilikuwa kama sentimita 176, lakini aliuona mchezo mapema kuliko wenzake. Aliposogea mbele, Mauro Tassotti, Alessandro Costacurta na Paolo Maldini walisogea pamoja naye, na mshambuliaji akajikuta ameotea. Mtego huo hautegwi na mtu mmoja, maana beki mmoja akichelewa hatua moja tu, lango limo hatarini. Kwa nidhamu hiyo Milan ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990, Baresi akiwa nahodha.

Mtihani mkubwa ulimfika katika Kombe la Dunia la mwaka 1994 nchini Marekani. Katika mechi ya pili, dhidi ya Norwe, aliumia gegedu ya goti, akapasuliwa. Wengi walidhani mashindano yamekwisha kwake. Siku 24 baada ya kuumia, tarehe 17 Julai, aliingia uwanjani Pasadena kucheza fainali dhidi ya Brazili. Alicheza dakika zote 120 chini ya jua kali, na washambuliaji hodari Romário na Bebeto hawakupata bao. Zikaja penalti. Nahodha akatangulia kupiga, mpira ukapaa juu ya mwamba. Italia ikashindwa kwa penalti 3 kwa 2, na mwanamume huyo akalia mbele ya ulimwengu.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Alipostaafu mwaka 1997 alikuwa ameichezea Milan mechi 719 na kutwaa ubingwa wa ligi mara sita, wala hakuwahi kuchezea klabu nyingine. Milan iliamua kuwa jezi yake, namba 6, isivaliwe tena. Penalti ile haikusahauliwa, lakini waliomfahamu walimpima kwa miaka ishirini.

Nasi nyumbani tunao watoto wanaorudi jioni wakiwa wameachwa katika timu ya shule, au wameanguka mtihani, na miongoni mwao wamo mayatima tunaowalea. Neno la kwanza wanalolipokea mlangoni lina uzito. Tusiharakishe kuwaambia kwamba hawawezi. Tuwape chakula, tuwasikilize, kisha tuwaulize ni wapi pengine wangependa kujaribu.