Kutoka Kiamaiko hadi Gwaride la Eldoret

Njooni mkae karibu, wanangu. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia. Mmoja wenu ameniuliza zile helikopta zinazopita juu ya mapaa yetu hapa Kiamaiko, Nairobi, hutoka wapi. Hazitoki mbali. Ukivuka Juja Road unakutana na ua wa Moi Air Base, Eastleigh, na humo ndimo yalimo makao makuu ya Jeshi la Wanahewa la Kenya. Mwezi wa Mei 2024 jeshi hilo lilipata kamanda mpya, Meja Jenerali Fatuma Ahmed, mwanamke wa kwanza kupewa wadhifa huo. Aliingia jeshini mwaka 1983.

Leo nitawaeleza safari ya kuingia jeshini inavyoanza. Hapa mtaani kijana akifuzu tunapiga vigelegele kana kwamba amemaliza kazi, kumbe siku hiyo ndiyo anaianza.

Kwanza hutoka tangazo. Jeshi hutaja siku na uwanja wa kila eneo, na vijana hujitokeza alfajiri. Katika miaka ya karibuni makurutu wa kawaida wametakiwa wawe Wakenya wa miaka 18 hadi 26, wenye kitambulisho na cheti cha kidato cha nne cha alama ya D au zaidi. Mwanamume awe na urefu usiopungua mita 1.60, mwanamke mita 1.52. Uwanjani watakimbia, watapimwa urefu na uzani, kisha madaktari watakagua meno, macho na miguu. Nyayo bapa zinaweza kukurudisha nyumbani hata kama uliongoza mbio. Inauma, lakini askari hutembea mwendo mrefu akiwa na mzigo mgongoni, na mguu usioweza kuubeba utawachelewesha wenzake wote.

Hapa nitasimama kidogo, maana hapa ndipo watu wetu wanapoibiwa. Kuandikishwa jeshini ni bure. Lakini kila msimu huzuka mtu aliyevaa vizuri, anayedai kumjua mkubwa fulani. Mzazi anauza mifugo, anakopa kwenye chama, anatoa pesa, anakabidhiwa barua yenye muhuri. Kijana anaagwa kwa maombi na kupanda basi hadi Eldoret, halafu langoni inagunduliwa kwamba barua ni bandia. Vijana wamewahi kukamatwa pale kwa jambo hili, na si mara moja. Pesa zimekwenda, na aliyedanganywa ndiye aliye korokoroni. Roho yangu hunichoma nikifikiria. Ukiombwa hata shilingi moja, ondoka, ukawaambie wazazi wako.

Aliyepita kwa haki hupewa barua ya mwito na kuripoti kwenye shule ya mafunzo ya makurutu, Moi Barracks, Eldoret. Mji ule uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Nairobi, kwa hivyo wiki za kwanza mtu hukimbia huku kifua kikimbana, na asubuhi baridi ni kali.

Kijana wa Kiamaiko kuamka mapema hakumtishi. Huku kwetu machinjio ya mbuzi huwa macho kabla ya jua, na mnawajua wale wanaobeba mizoga mabegani hadi kwenye pikipiki. Nguvu anazo. Kinachomtesa ni kwamba hana tena saa yake mwenyewe. Anaamka kwa amri, anakula kwa amri, analala kwa amri. Shuka lake lazima litandikwe sawasawa na la jirani, bila kunjo hata moja. Mmoja akikosea, afande anaweza kuwarudisha wote mbioni.

Mtauliza, kitanda na vita vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Bunduki isiyosafishwa inaweza kukwama, na usiku ambao mtu amechoka kuliko siku zote ndio usiku anaopaswa kuisafisha. Kwa kutandika kitanda anazoezwa kufanya jambo dogo vizuri hata kama mwili unakataa. Gwaride nalo ni hivyohivyo. Kugeuka pamoja, kwa kishindo kimoja, kunamzoeza kusikia sauti ya kiongozi katikati ya kelele na kutii papo hapo, akijua aliye kushoto kwake anatii pia.

Katika miezi sita hivi anajifunza pia kulenga shabaha, kusoma ramani na dira, kumfunga mwenzake jeraha, na sheria za vita. Mikataba ya Geneva ya 1949 inasema adui aliyejeruhiwa atibiwe, mateka asiteswe, na raia alindwe. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa kuliko yote, kwa sababu askari asiyelijua ni hatari hata kwa watu wake.

Kisha huja gwaride la kufuzu na kiapo, na baada ya hapo kila mtu hupelekwa anakohitajika. Wengine huenda Mtongwe, Mombasa, kwa wanamaji. Wengine kwenye kambi ya wanahewa ya Laikipia, Nanyuki. Shule ya askari wa miguu iko Isiolo, mji uleule ambao malori ya mbuzi hupitia yakija kwetu kutoka Marsabit na Moyale.

Kiapo si maneno ya sherehe. Agosti 1, 1982, baadhi ya wanahewa walijaribu kuipindua serikali. Watu wengi walikufa, na jeshi zima la wanahewa likavunjwa na kuundwa upya. Nayo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 241, inaeleza waziwazi kazi ya jeshi: kuulinda uhuru wa nchi na mipaka yake, na kusaidia wakati wa dharura na majanga.

Tazameni mwaka mmoja tu, 2016. Januari 15, wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, Somalia, wakawaua wengi. Siwafichi hilo, kwa kuwa anayeingia jeshini anaingia akijua. Aprili 29 mwaka huohuo, ghorofa liliporomoka Huruma, hapa jirani, baada ya mvua kubwa. Watu 50 hivi walikufa. Wanajeshi walifukua pamoja na Msalaba Mwekundu na waokoaji wengine, usiku na mchana, na baada ya saa 80 hivi mtoto mdogo akatolewa kwenye kifusi akiwa hai. Kipande kimoja cha saruji kingevutwa vibaya, kingewaponda waliokuwa chini. Ilibidi kila mtu angoje amri, ainue kwa pamoja, atulie kwa pamoja.

Na kwa anayebaki jeshini, kupanda cheo huchukua muda. Fatuma Ahmed alipojiunga, wanawake waliwekwa katika kikosi chao cha peke yao, kilichoanzishwa 1972. Kilivunjwa 1999, nao wakaingia katika majeshi yote matatu. Alikuwa brigedia mwaka 2015 na meja jenerali mwaka 2018, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kenya katika vyeo vyote viwili. Kutoka 1983 hadi siku aliyopewa ukamanda ni zaidi ya miaka 40. Kwa hivyo wewe msichana uliyeniuliza kwa sauti ya chini kama wasichana huchukuliwa, jibu ni ndiyo, na ofisi ya kamanda iko pale ng'ambo ya Juja Road.