Besi ya Kijapani, Pesa ya Kwaya na Posti Niliyoifuta

Leo siuzi kitu. Nataka niwape kisa changu, kirefu kidogo, lakini nadhani anayeuza vitu vilivyotumika mtandaoni atakuta humo cha kwake, hata kama hajawahi kushika gitaa maishani.

Mchana kazi yangu ni ya umeme wa majumbani. Jioni na Jumapili niko uani na magitaa ya besi ya zamani kutoka Japani. Nayafungua, nayasafisha, nayatengeneza, mengine nayapaka rangi upya. Nilianza kwa kupenda tu. Binamu yangu yuko kwenye biashara ya magari yaliyotumika, na siku moja kwenye buti la gari lililoshushwa bandarini Dar akakuta besi imevunjika poti zote, nyuzi zimeota kutu. Akaniletea kama utani. Niliipiga baada ya mwezi mzima wa kuhangaika, na ile sauti ikaniingia mwilini. Hapo ndipo nilipopotea.

Watu huniuliza, kwa nini za Kijapani? Miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilikuwa vinaiga magitaa ya Kimarekani, na viliiga vizuri mpaka Wamarekani wakakasirika. Mwaka 1977 kampuni iliyomiliki Gibson ilifungua kesi Marekani dhidi ya wasambazaji wa Ibanez kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Mji wa Matsumoto peke yake ulikuwa na viwanda viwili vikubwa: Fuji-Gen, na Matsumoku ambao kabla ya magitaa walikuwa wakitengeneza makabati ya cherehani za Singer. Yaani fundi wa kabati la cherehani ya bibi yako na fundi wa besi huenda walitoka karakana moja! Mbao zao zilikaushwa vizuri na viungo vimebana. Ndiyo maana besi ya miaka 45 bado inakuja mkononi mwangu ikiwa na uhai.

Sasa kisa chenyewe.

Nilikuwa na Ibanez moja ya mwaka 1979. Mwaka huwa nausoma kwenye namba: Ibanez za Kijapani za kipindi hicho zinaanza na herufi ya mwezi, A ni Januari mpaka L Desemba, halafu tarakimu mbili za mwaka. Yangu ilianza na F79, yaani Juni 1979. Nikaipiga msasa, nikaing'arisha kwa dawa ya kung'arishia magari, ikawa inawaka kama sufuria mpya. Tatizo lilikuwa shingo. Ndani ya shingo ya besi kuna fimbo ya chuma, inakazwa kwa nati ili kupingana na mvuto wa nyuzi. Nyuzi nne za besi zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, mchana na usiku. Yangu fimbo ilikuwa imekazwa mpaka mwisho, nati haizunguki tena, na shingo bado ina upinde.

Nilijua. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie. Nilijua kabisa.

Nilichofanya, nilishusha vyuma vya chini vinavyobeba nyuzi mpaka mwisho, nikafunga nyuzi nyembamba, ikawa inapigika. Nikapiga picha upande unaowaka. Nikaandika: "Besi ya Kijapani OG, iko fiti, haina tatizo lolote, 650,000." Siku ya pili akanipigia mwalimu wa kwaya kutoka Morogoro. Mtu mzima, sauti ya upole. Wamechanga kanisani miezi minne, akaniambia. Nikaifunga kwenye boksi, nikaipeleka stendi, ikaenda na basi.

Wiki tatu baadaye simu ikaita, Jumapili mchana.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba kijana wangu. Hii besi nyuzi zimepanda. Kijana wetu vidole vimechubuka, leo ibada imeisha bila besi. Kwani huku ni joto au ni sisi tumekosea?"

Nikaanza kumweleza habari za joto la bati na hali ya hewa. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza taratibu, "Lakini ulipoituma, ulikuwa unajua?"

Nikanyamaza. Na ukinyamaza kwenye simu ya namna hiyo, umeshajibu.

Pesa nilikuwa nimeshaila. Nyingine ilikuwa imeingia kwenye ada, nyingine kwenye kompresa ya kupulizia rangi. Mke wangu akachukua mkopo kwenye kikoba chake ili nimrudishie mwalimu, nauli ya mzigo kwenda na kurudi juu yangu. Kwa miezi mitano nikawa nalipa rejesho la kikoba kila wiki, na kila wiki mke wangu anarudi kwenye mkutano wa akina mama na jina langu. Ile posti nikaifuta. Kuifuta nako ni ujinga mwingine, maana walioiona walishaiona, na waliouliza "imeshauzwa?" sikuwajibu.

Besi iliporudi ndipo nikakaa nayo kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kukagua shingo hakuhitaji mashine. Unashika gitaa kama mtu anayelenga bunduki, unatazama kutoka kichwani ukingo wa shingo ukielekea mwilini. Halafu bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie katikati: nafasi kati ya uzi na freti iwe ndogo, kama unene wa kadi ya benki au pungufu. Ikiwa kidole kinapita, kuna upinde. Kisha jaribu nati ya fimbo kwa robo mzunguko tu, siyo zaidi. Ikikataa, usiilazimishe, fimbo ikikatika shingo hiyo umeiua. Nililegeza nyuzi, nikatoa nati, nikainyoosha shingo kwa ubao mnyoofu na vibano kwa siku kadhaa, nikaongeza washa mbili ndogo nyuma ya nati ili ipate nafasi ya kukaza tena. Ilikubali. Kazi ya jioni chache, gharama ya soda. Ningeifanya kabla, mwalimu asingepiga simu.

Kuhusu rangi, hapa nako nina kidonda. Besi nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 zimepakwa poliesta, nene na ngumu kama plastiki. Dawa ya kuondolea rangi inaiteleza tu juu. Inabidi hewa ya moto na msasa, na vumbi lake usilivute, vaa barakoa ya maana. Ukishapaka upya, subiri. Dar wakati wa masika vanishi inashika unyevu inageuka nyeupe kama maziwa yaliyomwagika, kwa hiyo mimi siku hizi napuliza kiangazi tu, naacha ikauke wiki tatu au nne, halafu msasa wa maji wa 1000, 1500, 2000, ndipo dawa ya kung'arisha.

Kidonda chenyewe ni hiki. Fender walifungua tawi la Japani mwaka 1982, na magitaa ya mwanzo yana namba inayoanza na herufi JV. Mimi sikujua. Nikapata Precision moja, rangi ya machweo imechubuka, bati la nyuma linaloshikilia shingo limeandikwa JV. Nikaona imechakaa. Nikaikwangua yote, nikaipuliza nyekundu ya gari. Nilipoiposti, mteja wa Nairobi akaomba picha ya namba. Nikatuma. Kimya kidogo, halafu akaandika: "Bro, rangi yake ya kwanza iko wapi?" Alinipa 900,000 na akaniambia waziwazi kwamba ikiwa na michubuko yake yote angenipa zaidi ya mara mbili. Wiki tatu za msasa, nimejifanyia hasara kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa rangi natafuta namba kwanza. Kama ni ya kuwekwa, naosha kwa kitambaa chenye maji kidogo, naacha makovu yake.

Vitu vidogo vidogo ambavyo vimenigharimu: skrubu za Kijapani zinafanana na za nyota tunazozijua lakini siyo zenyewe, bisibisi ya kawaida inazila vichwa, tafuta bisibisi ya Kijapani. Zilizokamata kutu, dondoshea mafuta ya taa ulale nazo. Poti zao ni za milimita, vifundo vya Kimarekani vinacheza. Poti inayokwaruza usikimbilie kuibadilisha, ipulizie dawa ya kusafishia umeme na uizungushe mara thelathini.

Na kwa mnaotuma nje ya nchi: ubao wa vidole mara nyingi ni wa jamii ya mpingo wetu, Dalbergia. Januari 2017 jamii hiyo yote iliwekewa masharti ya CITES, watu wakasumbuka mipakani. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo, isipokuwa zenye mbao za Brazili zilizozuiwa tangu zamani. Mbao ghafi ni habari nyingine, bado zina makaratasi yake.

Siku hizi posti yangu inaanza na ubaya. Picha ya kwanza ni kovu kubwa kuliko yote, nimeweka sarafu pembeni mtu aone ukubwa. Ya pili namba. Ya tatu video fupi nikitazama shingo kutoka kichwani, bila kukata, na nikizungusha nati mtu aone imebaki kiasi gani. Naandika nilichobadilisha na kisicho cha kiwandani. Picha ya kung'aa inakuja ya mwisho. Like zimepungua, sitawadanganya. Wanaoniandikia inbox ni wachache, ila hawaniulizi "mwisho bei ngapi" mara kumi na moja, wanauliza naifikishaje.

Ile Ibanez ya F79 sikuiuza tena. Naipiga mwenyewe, majirani wavumilie.

Mwezi uliopita mwalimu wa Morogoro alinitumia ujumbe. Anauliza kama nina besi nyingine. Nilikaa na ile simu muda mrefu kabla ya kujibu. Nilikuwa nayo moja, Yamaha, ina tundu la skrubu nyuma ambalo mtu aliwahi kulitoboa vibaya. Nikamtumia video ya shingo dakika mbili nzima, na picha ya tundu. Sikuandika bei.

Akajibu jioni: "Tumeiona na kijana. Tundu halina shida. Taja bei, tuanze kuchanga."