Duka liko kwenye simu, mzigo uko Nimule

JUBA, Sudan Kusini

Tarehe 22 Januari 2025, Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano ya Sudan Kusini iliziagiza kampuni za simu na intaneti zifunge mitandao ya kijamii kwa muda ambao ungeweza kufika siku 90. Facebook na TikTok zikazimwa. Sababu iliyotolewa ni video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini mjini Wad Madani, Sudan. Video hizo zilikuwa zimeenea kwenye simu na kuchochea ghasia Juba, ambako maduka ya Wasudani yaliporwa na polisi wakapiga marufuku watu kutoka nje usiku. Tarehe 27 mwezi huohuo amri ya kufunga mitandao iliondolewa.

Kwa anayeingia Facebook kutazama picha za harusi, hizo zilikuwa siku chache za kukosa burudani. Kwa mama anayeuza vitenge, nguo za watoto au mafuta ya ngozi akiwa nyumbani kwake Gudele au Munuki, duka lilifungwa huku mzigo ukiwa njiani.

Mama huyo ni mteja wako wewe unayeuza kwa jumla Kikuubo, Kampala, au Eastleigh, Nairobi. Pengine hujawahi kumwona, unamjua kwa namba ya simu tu. Anakuandikia usiku watoto wakishalala, anaomba picha za mzigo mpya, anatuma pesa, kisha ananyamaza wiki mbili. Makala hii inaeleza anachopambana nacho katika wiki hizo mbili, kwa sababu akianguka yeye, na oda zako zinaanguka.

Kwa nini nyumbani

Juba ina masoko makubwa: Konyo Konyo, Jebel, Custom na mengine mengi. Lakini kibanda sokoni kinataka kodi, na kinataka mtu awepo tangu asubuhi hadi jioni. Mwenye mtoto mchanga na wengine wawili wa shule atamwachia nani nyumba?

Isitoshe, shule zenyewe huweza kufungwa ghafla. Machi 2024 serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena, wiki mbili, baada ya wanafunzi kuzimia darasani mjini Juba. Siku kama hizo mwenye kibanda huchagua kati ya soko na watoto. Mwenye duka la simu huendelea kuuza, ingawa kwa tabu.

Lugha nayo imesaidia. Familia nyingi za Sudan Kusini ziliishi Kenya na Uganda miaka ya vita. Kambi ya Kakuma peke yake ilifunguliwa mwaka 1992. Waliokulia huko walirudi na Kiswahili, na wakabakiza ndugu na marafiki Nairobi na Kampala. Nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, wanawake wengi walikuwa tayari na mtu wa kumpigia simu upande wa pili wa mpaka.

Safari ya kitenge kimoja

Biashara yenyewe huanza na picha. Mwenye duka Kampala anatuma picha za mzigo. Mama wa Juba anaziweka kwenye hali yake ya WhatsApp na kwenye makundi ya Facebook, na kuandika bei kwa pauni za Sudan Kusini. Wateja wakiitikia, anakusanya oda, anatafuta dola au shilingi za Uganda, anatuma pesa. Mzigo unafungwa na kupakiwa kwenye basi au lori. Unapita Gulu, unafika Elegu, unavuka kuingia Nimule, kisha unapanda barabara ya lami ya kilomita 192 hadi Juba. Barabara hiyo ilikamilika mwaka 2012 na ndiyo barabara kuu ya kwanza ya lami nchini. Mzigo ukifika, boda boda anaupeleka kwa mteja.

Hiyo hatua ya mwisho ni kazi kuliko inavyosikika. Mitaa mingi ya Juba haina majina wala namba za nyumba. Anwani ni maelezo: pita kanisa, ukiona tangi la maji kata kushoto, uliza kwa mwenye duka la dawa. Ndiyo maana muuzaji mzoefu ana boda boda wake mmoja au wawili anaowaamini, wanaozijua nyumba za wateja.

Malipo yamerahisika kidogo. Huduma ya m-Gurush ilianza mwaka 2019, na jina lake limetokana na gurush, yaani pesa kwa Kiarabu cha Juba. MTN nayo ina MoMo. Hata hivyo wateja wengi bado wanataka kushika kitu kwanza ndipo walipe, na wanalipa noti mkononi.

Siku za katikati

Sasa tuje kwenye kidonda. Kati ya siku mama anapotaja bei na siku anaposhika pesa, hupita siku saba, kumi, wakati mwingine ishirini. Siku hizo pauni haitulii.

Desemba 2015 Benki Kuu ya Sudan Kusini iliacha kushikilia kiwango cha pauni, na dola ikaruka kutoka pauni tatu hivi hadi zaidi ya 18 kwa mara moja. Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta ya Sudan Kusini kwenda Bandari ya Sudan liliharibika katika eneo la vita. Mafuta ndiyo yanayoiletea serikali karibu mapato yake yote. Mwanzoni mwa mwaka huo dola ilikuwa pauni elfu moja na kidogo. Kufikia 2025 ilikuwa imepita 4,000.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme dola ni pauni 5,000. Mama anaagiza vitenge kumi, kila kimoja dola 10. Analipa dola 100 za mtaji wake, yaani pauni 500,000. Anatangaza bei ya pauni 65,000 kwa kitenge, walipe wakipokea. Mzigo unafika baada ya siku kumi. Nauli na malipo ya mpakani ni pauni 70,000. Anauza vyote, anapata 650,000. Akitoa 500,000 na 70,000, daftari linasema faida ni pauni 80,000. Anamnunulia mtoto viatu.

Lakini katika siku zile kumi dola imepanda hadi 6,000. Mkononi, baada ya kulipa nauli na mpaka, ana pauni 580,000. Akibadilisha anapata dola 97 hivi, naye alianza na dola 100. Ameuza kila kitu, hakuna aliyemdhulumu, na mtaji umepungua hata kabla ya viatu. Akirudia hivyo mara nne au tano, duka linakufa, naye hajui limeuawa na nini. Majirani watasema alikula mtaji.

Kianzio ndicho kinga

Turudie hesabu ileile, ila safari hii wateja walipe nusu siku ya kuagiza. Wanatoa pauni 325,000. Mama anaongeza pauni 175,000 zake, ambazo siku hiyo ni dola 35, na kununua dola zote 100 papo hapo. Mzigo ukifika anapokea nusu ya pili, 325,000, anatoa 70,000 za nauli na mpaka, anabaki na 255,000. Kwa dola ya 6,000 hizo ni dola 42 na nusu. Aliweka 35. Pauni imeanguka vilevile, lakini mara hii amepata faida.

Kwa hiyo kinachomwokoa si idadi ya wafuasi, wala uzuri wa picha. Ni kulipwa nusu kabla ya mzigo kuondoka, na kuigeuza pesa hiyo kuwa bidhaa siku hiyohiyo.

Mteja hatatoa kianzio kwa mtu asiyemjua, na ana haki, kwa maana matapeli wa mtandaoni ni wengi. Imani hujengwa kwa vitu vidogo. Andika jina la mteja na kiasi alicholipa, umtumie picha ya maandishi hayo. Mtumie picha ya mzigo ukifungwa. Ukichelewa Nimule, mwambie kabla hajauliza. Kikija kitenge kisicho chake, mrudishie pesa bila maneno. Mteja mmoja wa Munuki aliyerudishiwa pesa yake atawaambia wenzake kanisani.

Njia nyingine ni kuipa bei muda wa kuishi. Badala ya kutangaza bei tupu, andika kwamba ni ya siku mbili tu, baada ya hapo iulizwe upya. Wateja wa Juba wanaelewa. Wao wenyewe wanauliza bei ya dola kila asubuhi.

Njia ya tatu ni kuchanganya bidhaa. Weka kando ya mzigo wa Kampala kitu kisichohitaji dola nyingi, kama siagi ya karanga iliyosagwa nyumbani, au milaya, yale mashuka yaliyotariziwa kwa mkono ambayo wanawake wa Sudan Kusini wanasifika kwayo. Basi likikwama mpakani, nyumba inaendelea kula.

Nyumba na duka chini ya paa moja

Duka la nyumbani lina adui mwingine, nao ni wenye nyumba wenyewe. Pesa ya kianzio iko kwenye simu ileile inayonunulia unga. Shemeji amekuja, mtoto ana malaria, kuna msiba na mchango unapita. Hakuna mama atakayewanyima, lakini pesa ya kianzio bado si yake, ni ya mteja. Wanaodumu huitenga kwenye laini nyingine ya simu, na kujipangia mshahara mdogo wa kila wiki ambao ndio unaogawanywa nyumbani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la shilingi chache linatosha: aliyeagiza, alicholipa, anachodaiwa, na bei ya dola siku hiyo. Safu hiyo ya mwisho wengi huisahau, na ndiyo inayomwonyesha mama kama mtaji unakua au unaliwa.

Muda nao utengwe. Asubuhi watoto wakienda shule ni wakati wa kupokea oda na kumtuma boda boda. Jioni ni wa chakula na masomo ya watoto. Anayejibu ujumbe kila dakika huchoka kabla ya mwezi kwisha, na watoto wanajua kwamba simu imewashinda. Waagizaji wakumbuke pia kwamba tangu 1 Februari 2021 saa za Juba ziko nyuma ya Kampala na Nairobi kwa saa moja. Ukituma pesa saa kumi jioni Juba, Kampala ni saa kumi na moja na anayefunga mizigo huenda ameshaondoka.

Na yale ya Januari 2025 yasisahaulike. Duka lililo Facebook peke yake mlango wake una ufunguo wa mtu mwingine. Namba za wateja ziandikwe kwenye daftari la karatasi. Mtandao ukizimwa, ujumbe mfupi na simu ya kawaida bado vinauza.

Wewe wa upande wa pili

Mfanyabiashara wa Kampala, Busia au Nairobi anaweza kuzifupisha siku za katikati kuliko mtu yeyote. Funga mzigo siku uliyolipwa. Tuma picha ya mzigo na ya karatasi ya basi siku hiyohiyo. Kubali oda ndogo za kila wiki badala ya kumlazimisha mama kununua robota zima mara moja kwa mwezi, kwa kuwa mzigo mdogo unaozunguka haraka humwumiza kidogo dola ikipanda.

Msaidie pia kwa karatasi. Chini ya Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya, bidhaa zilizotengenezwa katika nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani, na husamehewa ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani zinabaki. Nguo za China na manukato ya Dubai hazimo, hata kama zimenunuliwa Kikuubo. Ukichanganya sabuni ya Uganda na blauzi za China katika furushi moja bila ankara, afisa wa Nimule atalitoza lote kwa makadirio yake. Andika ankara mbili, ufunge mafurushi mawili. Kazi hiyo ni ya dakika kumi kwako, na kwa mama wa Gudele inaweza kuwa faida yake yote ya wiki.

Atakapokuandikia usiku huu kuuliza bei, mwambie bei hiyo inasimama hadi lini na basi linaondoka saa ngapi. Akiyajua hayo mawili, anaweza kuomba kianzio kesho asubuhi, watoto wakishaenda shule.