Barafu bawani haijali nguvu za injini

Wengi hudhani ndege ndogo yenye injini ya nguvu hupenya wingu lolote. Sivyo. Wingu lenye baridi ya chini ya sifuri huweza kuwa na matone ya maji ambayo hayajaganda. Yakigusa bawa, huganda. Barafu hiyo huharibu umbo la bawa na kuongeza uzito, na ndege huweza kuporomoka kwa mwendo ambao siku nyingine ungetosha.

Tarehe 20 Desemba 2011, ndege ya TBM 700 ilianguka Morristown, New Jersey, nchini Marekani. Wote watano walifariki. Wachunguzi walisema barafu ilikuwa kali na rubani hakuondoka humo upesi. Vifaa vya kuondoa barafu humpa rubani muda wa kutoka, si ruhusa ya kukaa.