Wimbo Umeupata, Redio Haiutaki

Je, msomaji, umewahi kumpelekea nyanyako wimbo ukaumbuka? Siku hizi nyimbo za Juma Bhalo, aliyefariki 2014, na udi wa Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, utazikuta kwenye intaneti. Zamani ulishuka hadi Mji wa Kale, kwa Mbwana Radio Service, ukanunua kaseti. Kaseti haikuwa na maringo: redio kaseti yoyote iliimeza, hata kama baadaye iliutafuna mkanda!

Matata huanza unapoutia wimbo huo kwenye flashi ya redio ndogo ya nyanya pale Kibokoni. Taa inawaka, sauti hakuna. Redio si mbovu. Nyingi za aina hiyo huelewa MP3, ilhali faili uliyopakua huenda ni M4A au Opus. Kuibadilisha jina hakusaidii. Igeuze yenyewe kwa programu ya kompyuta. Flashi nayo, ikiwa imepangwa kwa exFAT, huenda isisomeke. Irudishe kwenye FAT32, lakini nakili kwanza vilivyomo, maana vyote vitafutika.

Hata iPod, iliyotoka 2001, haikucheza WMA.

Na ile kaseti ya harusi ya nyanya, aliyoimbiwa yeye kwa jina lake? Hiyo haimo mtandaoni. Irekodi leo, kabla mkanda haujashikana.